Mjamzito mwenye presha: Atembee au alale? Soma hii kabla ya kupiga tizi

SWALI ni fupi ila limewatoa jasho wengi: dada aliye na mimba akiambiwa kliniki kwamba presha yake iko juu, aendelee na mazoezi ama apande kitandani angoje siku ya kujifungua?

Kwa kina dada wa Waa, Tiwi, Ng'ombeni na kwingineko Kwale, majibu huwa mawili, na yote hutolewa kwa mapenzi. Mavyaa atamwambia alale, asiguse hata ufagio. Rafiki mwenye bando naye atamtumia video ya mwanamke wa ng'ambo mwenye mimba ya miezi minane akinyanyua vyuma, chini imeandikwa kwamba mimba si ugonjwa. Mmoja anamfunga kitandani, mwingine anamsukuma jimu.

Wote wawili wana kipande cha ukweli. Kinachokosekana ni swali la kwanza kabisa: hiyo presha ni ya aina gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama atavaa raba au atapanda gari kwenda hospitali.

Na hili si jambo la kupigia domo tu. Kulingana na Shirika la Afya Duniani (WHO), matatizo ya presha katika ujauzito ndiyo sababu ya pili kwa kuua kina mama duniani baada ya kuvuja damu, yakichangia takriban asilimia 16 ya vifo vya uzazi. Wengi wa wanaokufa ni wa nchi kama zetu, na vingi vya vifo hivyo vingezuilika.

PRESHA SI MOJA

Tuanze na mashine. Inapokubana mkono hutoa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unasukuma, ya chini ni wakati moyo umepumzika kati ya pigo na pigo. Kwa mjamzito, namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, na ikipimwa tena baada ya saa kadhaa ikawa pale pale, hiyo ni presha ya juu. Ikigonga 160 kwa 110, hiyo ni dharura. Haingoji kesho wala haingoji mume arudi kutoka kazini.

Baada ya hapo ndipo mambo yanapogawanyika mara tatu.

Ya kwanza ni presha ya zamani. Dada alikuwa nayo kabla ya mimba, ama imeonekana kabla ya wiki ya 20. Huenda hata hakujua, manake presha haina kelele. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini hii mvua mara nyingi hunyesha kukiwa kweupe.

Ya pili ni presha ya ujauzito. Huanza baada ya wiki ya 20 bila dalili nyingine, na kwa kawaida hupotea wiki chache baada ya kujifungua.

Ya tatu ndiyo yenye meno. Presha inapanda baada ya wiki ya 20, na pamoja nayo inaonekana protini kwenye mkojo, au ini, figo, damu au ubongo vinaanza kuathirika. Madaktari huiita priklampsia. Isiposhughulikiwa mapema, mama anaweza kupata mtukutiko, na hapo ndipo jina la mtaani linapoingia: kifafa cha mimba. Wapo ambao wakimwona mama akitukutika hukimbilia kusema ni pepo, na saa za kumwokoa zikapotelea kwa mganga. Si pepo. Ni ugonjwa unaojulikana na una dawa, magnisiamu salfeti, inayochomwa hospitalini.

Priklampsia hupata kati ya mimba 2 na 8 katika kila 100. Na hapa kijana sikiza vizuri: mimba ya kwanza yenyewe ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari. Mengine ni mimba ya mapacha, unene uliopitiliza, kisukari, ugonjwa wa figo, presha ya zamani, au kuwa uliwahi kuipata mimba iliyopita. Kwa hivyo ile dhana kwamba presha ni ya wazee, itupe.

MAZOEZI YANASAIDIA NINI HASA?

Yanasaidia, tena si kidogo. Mwaka 2018 watafiti wa Canada walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizofanywa kwa wajawazito na kuyachapisha katika jarida la tiba ya michezo la Uingereza. Waligundua kuwa wanawake waliofanya mazoezi ya wastani wakati wa mimba walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata presha ya ujauzito, priklampsia na kisukari cha mimba, kwa karibu asilimia 40, wakilinganishwa na wasiofanya.

Sababu si uchawi. Ukitembea kwa mwendo wa haraka, moyo husukuma damu zaidi na mishipa hulazimika kutanuka ili kuipitisha. Ukifanya hivyo siku nyingi, kuta za mishipa huzoea kulegea na damu hupita bila kusukumwa kwa nguvu nyingi. Juu ya hapo, mwili hutumia sukari vizuri, uzito hauongezeki ovyo, usingizi unakuja na mawazo yanapungua.

Lakini soma tena. Takwimu hiyo inahusu kukinga. Haisemi kwamba ukishapata priklampsia, matembezi yataiondoa. Ugonjwa huo huanzia kwenye kondo la nyuma. Mishipa ya damu inayolisha kondo haikutanuka inavyopaswa mwanzoni mwa mimba, kisha kondo hilo hutoa kemikali zinazoharibu mishipa ya mama mwili mzima. Huwezi kukimbia ukaacha kondo nyuma. Tiba ya mwisho ni mtoto na kondo kutoka. Kabla ya hapo madaktari hushusha presha kwa dawa, huzuia mtukutiko na kuamua ni lini salama kuzalisha.

Kama unadhani kuwa fiti kunatosha, muulize Allyson Felix. Huyu ni mkimbiaji wa Marekani mwenye medali 11 za Olimpiki, saba kati yake za dhahabu. Novemba 2018, akiwa na mimba ya wiki 32, aligunduliwa kuwa na priklampsia kali na ikabidi apasuliwe kwa dharura kumtoa bintiye. Alipona, na mwaka 2021 alirudi na medali mbili kutoka Tokyo. Mwenzake Tori Bowie, waliyeshinda naye dhahabu ya kupokezana vijiti Rio 2016, hakuwa na bahati hiyo. Alifariki 2023 akiwa na mimba ya miezi minane, na ripoti ya uchunguzi wa mwili ilitaja kifafa cha mimba kati ya mambo yaliyowezekana kuchangia kifo chake.

Hao ni wanawake waliokuwa na miili ya chuma. Somo si kwamba mazoezi ni bure. Somo ni kwamba mazoezi hayachukui nafasi ya mashine ya presha.

NANI ATEMBEE, NANI ASITEMBEE

Basi turudi kwa dada wetu wa Waa. Tuseme ana miaka 24, mimba ya kwanza, wiki ya 16, presha iko sawa, hana shida nyingine. Huyu anaruhusiwa, tena anahimizwa. WHO inapendekeza mjamzito asiye na kizuizi cha kiafya apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukigawanya, ni nusu saa kwa siku tano.

Tuseme dada wa pili ana presha ya zamani, anameza dawa na namba zake zimetulia. Huyu pia anaweza kutembea, ila aongee na daktari au muuguzi wake kwanza, na asiache dawa ati kwa sababu ameanza tizi. Kuna jambo jingine kwake: baadhi ya dawa za presha zinazotumika sana, kama enalapril na losartan, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Akijua tu kwamba ana mimba, aende abadilishiwe. Zipo zinazotumika kwa wajawazito, kama methyldopa, nifedipine na labetalol. Na tafadhali, dawa ya presha ya nyanya si ya kuazimana.

Dada wa tatu presha yake imepanda wiki ya 30, mkojo bado ni safi. Hapa hata wataalamu hawasemi kwa sauti moja. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Marekani wa 2020 unaiweka presha ya ujauzito miongoni mwa sababu za kusimamisha mazoezi. Ule wa Canada wa 2019 unasema mama na daktari wake wapime faida na hasara kabla ya kuamua. Kwa hivyo usijiamulie wala usiamuliwe na mtandao. Uliza, na ukiambiwa simama, simama.

Dada wa nne ana priklampsia. Huyu hakuna tizi, hakuna mjadala. Mahali pake ni hospitalini chini ya macho ya wataalamu.

Wengine wasiofaa kufanya mazoezi ni wenye kutokwa na damu, maji ya uzazi yaliyoanza kuvuja, kondo lililoziba njia, hatari ya kujifungua kabla ya wakati, upungufu mkubwa wa damu, au ugonjwa mzito wa moyo au mapafu.

Na ile habari ya mavyaa ya kulala siku nzima? Tangu 2011, WHO haipendekezi kumfunga mama kitandani kama njia ya kuboresha matokeo ya mimba yenye presha. Kupumzika ukichoka ni sawa. Kulala miezi mitatu bila kuinuka ni jambo jingine, kwani damu nayo inaweza kuganda miguuni.

TIZI LA KWETU

Huhitaji kulipia jimu ya Diani. Haya hapa yanafanyika mtaani.

Kutembea. Ndilo zoezi salama na la bure. Pwani yetu ni joto na unyevu, kwa hivyo chagua alfajiri kukishapambazuka au jioni jua likilegea. Kama hukuwa na mazoea, anza na dakika 10, ongeza polepole wiki baada ya wiki hadi 30. Epuka kando ya barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga, maana matatu na malori hayana huruma. Tumia njia za ndani. Beba maji ya kunywa na simu, na usiende peke yako.

Kipimo cha mwendo ni mdomo wako. Ukiweza kuongea na mwenzako lakini ukashindwa kuimba, uko sawasawa. Ukiimba nyimbo mbili tatu bila shida, ongeza mwendo kidogo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kipimo hiki kinafaa hata zaidi kwa anayemeza labetalol, kwa sababu dawa hiyo hupunguza mapigo ya moyo na kuhesabu mapigo kutamdanganya.

Kucheza. Nani alisema mazoezi lazima yawe ya kizungu? Chakacha ya polepole chumbani na wifi zako, au sengenya bila kuruka, nusu saa ikiisha utakuwa umetoa jasho la halali.

Kuogelea. Maji hubeba uzito wa tumbo na kupumzisha mgongo. Kama unajua kuogelea na bahari imetulia, ingia na mtu, mahali pasipo na mkondo. Kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa kama watalii wa Diani, hapana kabisa.

Kuimarisha misuli. Simama ukiegemeza mikono ukutani, kunja viwiko na ujisukume. Kaa kitini, simama, kaa, mara 10. Baada ya miezi mitatu ya kwanza epuka mazoezi ya kulala chali muda mrefu, maana tumbo hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Na kuchota maji je? Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Kuubeba kichwani kwa mwendo mrefu na mimba kubwa ni mzigo, si mazoezi. Kupanda bodaboda kwenye njia yenye mashimo pia hakuhesabiki, hata ukishuka mwili unauma.

Simama papo hapo ukiona damu, maji yakitoka, kizunguzungu, maumivu ya kifua, kichwa kuuma, tumbo kukaza mara kwa mara, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au mtoto kupunguza kucheza. Hapo si kukata tizi tu, ni kwenda hospitali.

JIKONI NAKO

Mahamri, viazi karai na achari si dhambi, lakini visiwe chakula cha kila siku. WHO inashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, na papa mkavu peke yake anaweza kukupita hapo. Hata hivyo tuseme ukweli: kupunguza chumvi ni afya kwa kila mtu, lakini hakujathibitika kuzuia kifafa cha mimba.

Vitu viwili vyenye uthibitisho ni hivi. Kwanza ni kalisiamu, ambayo WHO inapendekeza kwa wajawazito wa sehemu ambazo chakula kina uchache wa madini hayo. Kliniki wanaweza kukupa vidonge, na sahanini kuna maziwa, dagaa waliwao na mifupa yao, na ufuta. Pili ni aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 kwa siku, kwa wale walio katika hatari kubwa, ikianzwa kabla ya wiki ya 20. Hii huandikwa na daktari, hununuliwi na jirani dukani. Na ndiyo sababu kliniki ya kwanza mwezi wa saba ni kuchelewa. WHO inataka mikutano minane na wahudumu, wa kwanza ukiwa kabla ya wiki 12 kuisha.

PIMA, TENA PIMA VIZURI

Ukifika zahanati umetoka mbio, presha itasoma juu hata kama uko sawa. Nenda haja ndogo, kaa dakika tano, egemea, miguu chini bila kupishana, mkono usawa wa moyo, funga mdomo. Usipime punde baada ya tizi. Omba waandike namba kwenye kitabu chako cha mama na mtoto, na uzisome mwenyewe. Ni mwili wako.

Nyumbani pia kuna njia. Septemba 2023 serikali iliwakabidhi wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini mikoba ya vifaa, na mashine ya presha ni mojawapo. Mjue wa kijiji chako, uwe na namba yake ya simu.

Kisha zikariri hizi dalili kama wimbo: kichwa kuuma sana kusikokoma, kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, pumzi kukatika. Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida kwa wengi; uso kuvimba asubuhi si kawaida. Moja tu ya hizi inatosha kukutoa nyumbani, hata kama ni usiku, hata kama kliniki yako ni wiki ijayo.

Panga safari kabla ya dharura. Kutoka Waa, hospitali ya Kwale iko juu kupitia Kombani, na ya rufaa ya Msambweni iko kusini. Ukipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Pwani kule Mombasa, kumbuka feri ya Likoni haijali haraka yako. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu inayokwepa feri. Nani ana gari? Nauli ya usiku iko wapi? Umesajiliwa SHA? Maswali haya yajibiwe ukiwa umekaa na chai, si ukiwa umetukutika.

KAKA, NAWE UNA KAZI

Ukidhani haya ni mambo ya wanawake, umepotea. Ule mtungi wa maji ni wako sasa. Yale matembezi ya jioni nenda naye, maskani ya vijana haitahama. Jua namba zake za presha kama unavyojua matokeo ya mechi. Na wazee wakianza kubishana kama ni pepo au si pepo, wewe ndiye utakayeita gari.

Hata mtoto akishalia, msilegee. Kifafa cha mimba kinaweza kuja siku au hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, hadi wiki sita, wakati nyumba imejaa wageni na macho yote yako kwa mtoto. Kichwa kikimuuma mzazi, asiambiwe ni uchovu. Apimwe. Na mwanamke aliyewahi kupata priklampsia ana hatari karibu mara mbili ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi miaka ya mbele. Kwake, matembezi yale ya jioni hayaishi na mimba.

Kwa hivyo, atembee au alale? Apime kwanza. Namba zikiwa sawa na muuguzi akikubali, avae raba. Zikiwa mbaya, ni gari na begi la hospitali.